Tuzo, Ndoo na Mlango wa Chuo Kikuu

Najua nimekuwa kimya mno, na kisingizio changu ni kile kile cha siku zote: mhariri wangu anaamini kwamba mwandishi asiye na stori tatu kwa siku amekuja ofisini kunywa chai. Leo nina mapumziko, umeme upo, bando lipo, na kuna jambo linanikereketa kooni tangu Jumamosi. Ngoja nilitoe.

Jumamosi nilitumwa kwenye mahafali ya kidato cha sita ya shule moja ya binafsi hapa Dar. Unazijua mahafali hizi. Mahema meupe, viti vimevalishwa vitambaa kama maharusi, spika zinapasua masikio, na mgeni rasmi amechelewa saa mbili. Wahitimu walikuwa themanini na kitu. Tuzo zilipoanza kutolewa nikaamua kuzihesabu, kwa sababu mwandishi akikosa la kuandika huhesabu. Mwanafunzi bora wa Fizikia, sawa. Mwanafunzi bora wa Jiografia, sawa. Mahudhurio, usafi, uimbaji, sawa. Kisha tukafika kwenye tuzo ya tabasamu bora, na baada yake tuzo ya "mwanafunzi aliyeonyesha dalili za uongozi". Dalili! Utadhani ni malaria. Nilipofika mia moja na kumi niliacha kuhesabu, na meza ya vikombe ilikuwa bado imejaa.

Mama mmoja aliyekaa kiti cha jirani alikuwa akipiga picha kila cheti cha binti yake. Nikamwambia kwa utani, mama, ukuta wa nyumbani utatosha kweli? Akanijibu bila utani wowote: "Mwanangu, hivi si vya ukutani. Vinakwenda kwenye maombi ya chuo." Chuo gani, mama? "Nje," akasema, na akaendelea na picha zake.

Hapo ndipo nilipokumbuka mambo mawili: bahasha yangu ya kaki, na ndoo ya bluu ya nyumbani kwetu. Nianze na bahasha.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2017. Ndio mwaka ambao TCU waliacha ule mfumo wao wa pamoja uliokuwepo tangu 2010, tukaambiwa kila mtu aombe chuo moja kwa moja. Nikaenda kwenye maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja na bahasha kwapani. Ndani yake kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, kopi za matokeo, na juu kabisa cheti cha mashindano ya insha ya wilaya, niliyoshinda nikiwa kidato cha tatu. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi moja na muhuri ulipigwa juu chini, lakini kwangu kilikuwa cheti. Zawadi yenyewe ilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo ninayo mpaka leo na imeniokoa mbele ya wahariri mara nyingi. Nikafika kwenye banda la chuo kimoja, nikamkabidhi dada wa mezani bahasha yote kwa mikono miwili, cheti cha insha kikiwa mbele. Akakiangalia, akatabasamu, akanirudishia. "Mdogo wangu, hiki katunze. Nipe namba yako ya mtihani wa form four."

Basi. Namba. Kwetu namba ile ya kidato cha nne ndiyo ufunguo. Ukiiingiza kwenye kompyuta, alama zako zinakuja zenyewe kutoka Baraza la Mitihani. Kanuni ya jumla ya kuingia shahada ya kwanza kutoka kidato cha sita haihitaji hata karatasi nzima kuielezea: ufaulu wa somo zima katika masomo mawili yanayohusika, jumla isipungue pointi 4.0, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Ukitaka udaktari wa binadamu, Fizikia, Kemia na Biolojia zote, na usishuke chini ya D hata moja. Baada ya hapo ni ushindani wa hizo hizo alama. Hakuna kisanduku cha kuandika kwamba uliwahi kushinda insha, au ulikuwa kiranja, au ulitembea kilomita nane kila siku na hukuchelewa. Ukienda Bodi ya Mikopo wao wanakuuliza uyatima, ulemavu na kipato cha wazazi. Hata ule ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi, unaangalia matokeo ya mtihani wa taifa. Tuzo yako ni ya kwenu.

Siku ile nilikasirika. Leo sina hasira ile, na nitakuambia kwa nini. Namba haijui baba yako ni nani. Haijui kwamba mwalimu mkuu ni shemeji wa mwenye kiti wa kamati ya tuzo. Ila namba nayo haijui kwamba shule yako haikuwa na maabara na kwamba titresheni uliifanya mara ya kwanza ukiwa ndani ya chumba cha mtihani. Kila mlango una upofu wake.

Na sisi waandishi tulikuwa na tuzo yetu, tena kubwa kuliko zote: kumi bora. Kabla ya 2023, matokeo yakitoka tulikuwa tunagombania kumpata T.O., yaani Tanzania One, mtoto wa kwanza nchi nzima. Unampigia simu baba yake, unamkuta mtoto mwenyewe amevaa fulana anakula ugali, unamuuliza siri ya mafanikio, anasema ni Mungu, wazazi na walimu, na kwamba anataka kuwa daktari. Kesho yake yuko ukurasa wa mbele. Januari 2023 nilikuwa nimekaa chumba cha habari, mhariri ameacha nafasi ya T.O. na picha yake, tunasubiri matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Baraza likatangaza ufaulu, likatangaza waliofutiwa matokeo, halafu likasema kumi bora haitatangazwa tena, si ya shule wala ya wanafunzi. Sababu waliyotoa ni kwamba haina tija, kwa kuwa wanaolinganishwa hawakusoma katika mazingira yanayofanana. Mhariri wangu alishika kichwa. Nafasi ile ilijazwa na tangazo la saruji.

Shule zilizokuwa zikiishi kwa kumi bora hazikufa. Zilihamia kwenye mahafali, na nadhani sasa unaanza kuelewa ile tuzo ya tabasamu.

Maana kuna mlango mwingine, na mlango ule unauliza tuzo. Nitausema wa Marekani kwa sababu ndio niliowahi kuuona kwa macho, kwenye kioo cha laptopu, usiku wa manane. Vyuo vyao zaidi ya elfu moja vinatumia fomu moja ya pamoja inayoitwa Common Application. Ndani yake kuna nafasi kumi za shughuli zako nje ya darasa, na nafasi tano za tuzo. Tano. Kila tuzo unapewa herufi mia moja kuielezea, pamoja na vituo na nafasi za katikati, kisha unaweka alama ni ya ngazi gani: shule, mkoa, taifa au kimataifa.

Kwa nini wanataka haya? Si kwamba hawapendi alama. Wana alama nyingi kupita kiasi. Kesi ile dhidi ya Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, ambayo mwaka 2023 ilimalizikia Mahakama ya Juu yao, ilianika mambo ya ndani. Kwa mwaka mmoja tu, kati ya waombaji 26,000 hivi wa Marekani kwenyewe, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa masomo, na zaidi ya 3,000 walipata Hisabati yote ya mtihani wa SAT bila kukosa hata alama moja. Viti ni kama 1,600. Sasa ukiwa na watoto elfu nane wenye A tupu na viti elfu moja na mia sita, lazima utafute kingine cha kuwatenganisha. Ndipo inapoingia olimpiadi ya hisabati, violini, mbio, insha, uongozi.

Na palipo na mlango unaouliza tuzo, patatokea muuza tuzo. Wenzetu waliwahi kuwa na kitabu kikubwa cha majina ya wanafunzi "mashuhuri" wa sekondari. Mtoto anaandikiwa barua ya pongezi kwamba amechaguliwa, na familia inakaribishwa kununua nakala. Kilitoka kwa miaka arobaini hivi, tangu miaka ya sitini, mpaka kikafa. Mwaka 2019 ndipo lilipolipuka lile sakata kubwa la wazazi matajiri waliolipa ili watoto wao waandikwe kuwa wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. Jamaa aliyeendesha biashara hiyo, William Singer, alihukumiwa Januari 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo yule mama wa picha asionekane mshamba. Yuko kwenye mstari mrefu, na wengi walio mbele yake wana hela kuliko yeye.

Sasa nije kwenye ndoo.

Desemba 2023 mdogo wangu wa kike alirudi likizo kutoka shule ya bweni ya serikali huko mkoani. Alikuwa kidato cha sita, PCB. Mtu fulani shuleni kwao alikuwa amewaambia wasichana kwamba kuna vyuo Marekani vinavyomlipia kila kitu mwanafunzi asiye na uwezo, kutoka nauli mpaka godoro. Ni kweli, viko, ni vichache na wanaogombea ni dunia nzima. Yeye aliamua kuomba vinne. Ada ya maombi walimsamehe. SAT haikuwa lazima kwenye vyuo vile mwaka huo, mabaki ya mambo ya korona. Mwisho wa maombi ulikuwa Januari mosi.

Kwa siku nne tulikaa sebuleni kwa mama, Mbagala, katikati ya mgao wa umeme, nikiwa nachaji laptopu ofisini na kuirudisha nyumbani kama mtu anayebeba maji. Zile nafasi kumi za shughuli zilimtia hofu mwanzoni. "Kaka, mimi sina shughuli." Nikamsomea orodha ya aina wanazozikubali. Ikawa kazi ya kulipwa nayo imo. Majukumu ya nyumbani nayo yamo! Mdogo wangu alianza kuuza barafu na ubuyu na mama akiwa darasa la tano. Alimuuguza bibi miezi minane. Shuleni alikuwa anawafundisha kidato cha kwanza Hisabati usiku, wakati wa prepu, bila kutumwa na mtu. Tukajaza nafasi sita, na kila tukijaza moja alikuwa ananiangalia kama vile tunaiba.

Kisha tukafika kwenye tuzo. Nafasi tano, nyeupe pe.

Akanyamaza. Halafu akasema kile ambacho nadhani alikuwa amekuja nacho tangu shuleni. "Kaka, si mna ile insha ya gazeti?"

Naomba nieleze. Mwaka 2022 gazeti ninalofanyia kazi lilitangaza shindano la insha kwa wanafunzi wa sekondari. Kwanza, pili, tatu, vyeti na fedha taslimu. Insha zikaja, boksi zima. Mdogo wangu alituma ya kwake kwa posta, kuhusu kisima cha shuleni kwao, na hakuniambia mpaka alipokwisha kuituma. Niliisoma. Nilisoma nyingi kwenye lile boksi, jioni nikisubiri kurasa zishuke, na kwa maoni yangu ya kwake ilikuwa ya kwanza, ila mimi ni kaka yake, maoni yangu yana thamani gani? Kisha mfadhili akaingia mitini. Wakubwa wakasema tusubiri kidogo. Tukasubiri mpaka ikawa aibu kulitaja. Hakuna mshindi aliyetangazwa. Watoto wale hawakuandikiwa hata mstari mmoja wa kuwaomba radhi, na mimi mwenye kalamu sikuuandika.

"Andikeni tu kwamba nilishinda," mdogo wangu akasema. "Kwani kuna nani wa kukataa? Na huenda kweli nilishinda."

Kijana wa steshenari jirani alikuwa tayari na kazi hiyo. Cheti chenye utepe wa dhahabu kwenye kona, shilingi elfu tatu. Alichohitaji ni nembo ya gazeti, sahihi yangu na muhuri. Muhuri uko kwenye droo ya dawati la habari, haifungwi.

Sitakudanganya kwamba nilikataa pale pale. Niliandika ile barua. Nilikaa ofisini baada ya kurasa kwenda mtamboni, nikaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba fulani aliibuka mshindi wa kwanza wa kitaifa, nikaisoma mara tatu, na ilikuwa barua nzuri. Hoja za mdogo wangu zilikuwa zinanizunguka kichwani, na hazikuwa hoja za kitoto. Wenzake wa shule za bei mbaya watapeleka tuzo tano ambazo shule ziliwatungia. Matajiri wa Marekani walinunua mpaka picha za watoto wao wakiogelea. Yeye anaomba cheti kimoja cha shindano lililokuwepo kweli, aliloingia kweli, na ambalo sisi ndio tuliolivunja. Nani hapa ni mwizi?

Kilichonizuia si uadilifu mkubwa. Ni mzee mmoja. Mwaka 2017 serikali ilipotoa ripoti ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Mwaka 2022 ilipoamuliwa warejeshewe michango yao ya mifuko ya hifadhi, nilitumwa kuzungumza na waliokuwa wakifuatilia malipo. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini, na kila mtu pale alikiri kwamba kazi alikuwa anaijua. Cheti kilikuwa cha binamu yake. Aliniambia kwamba kwa miaka yote ile, kila barua ya bahasha ya serikali ikifika mezani kwake, mkono ulikuwa unapoa kabla hajaifungua. Nikamfikiria mdogo wangu huko baridini, mwaka wa tatu, mwaka wa nne, anapata barua pepe kutoka ofisi ya chuo, na mkono unapoa.

Nikaifuta. Kesho yake nikamfuata mhariri, nikamwomba tulifungue lile boksi, tuunde jopo la watu watatu, tulimalize shindano kihalali hata kama ni mwaka mmoja baadaye na bila fedha. Akanitazama kwa huruma. "Boksi lilitupwa tulipohama ghorofa." Basi nikaandika barua nyingine, ya kweli: kwamba shindano lilitangazwa, kwamba huyu alishiriki, kwamba mshindi hakutangazwa kwa sababu zisizomhusu. Nikampelekea. Akaisoma, akaikunja taratibu, akaniuliza, "Kaka, sasa hii ni tuzo ya nini?" Sikuwa na jibu. Hakusema nami jioni nzima, na mimi nilistahili.

Mama ndiye aliyeokoa usiku ule, bila kujua. Alikuwa uani anakinga mvua, akaita mtu amletee ndoo. "Ile ya bluu ya zawadi!"

Ya zawadi? Nilikuwa nimesahau kabisa. Kidato cha tano mdogo wangu aliongoza Biolojia shule nzima, na shule ikampa ndoo ya plastiki ya lita ishirini, ndani yake mche wa sabuni na kaunta buku mbili. Alisafiri nayo kwenye basi mpaka Mbagala ameipakata. Cheti hakukuwa. Nikampigia mwalimu wake wa taaluma, kuuliza kama anaweza kuthibitisha. Mwalimu akacheka sana, kisha akasema kitu kilichonifanya nikae chini. Mwaka ule walikuwa na fedha za ama vyeti kwa washindi wote, ama vitu. Kikao cha walimu kikachagua ndoo, kwa sababu maji bweni yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki na mtoto asiye na ndoo haogi.

Tukaandika. Mwanafunzi bora wa Biolojia, kidato cha tano, kati ya wasichana mia mbili na kumi. Ngazi: shule. Nafasi nne zilizobaki tuliziacha wazi. Mwalimu wa taaluma, ambaye hakuwa amezoea barua pepe, alikwenda mjini kwa bodaboda kuituma barua yake ya kumpendekeza, na ndani yake aliieleza ndoo ile kwa aya nzima. Ninazo kopi. Kiingereza chake kina makosa mawili, na sijawahi kuandika aya nzuri kama ile.

Majibu yalikuja Machi 2024. Vyuo vitatu vilisema hapana. Cha nne kilimweka kwenye orodha ya kusubiri, akasubiri, nacho kikasema hapana. Mei alifanya mtihani wa taifa, Julai akapata wani ya saba, B mbili na C moja, akaingiza ile namba yake ya form four kwenye mfumo na Novemba akaanza mwaka wa kwanza wa famasia hapa hapa Dar. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ndoo. Sijui kama ile barua ya uongo ingemwingiza, na nakiri kuna siku nimekaa kwenye daladala nikijiuliza.

Yule mama wa mahafali nilimpa namba yangu kabla ya kuondoka. Alinitumia picha za vyeti vyote kumi na moja vya binti yake, anauliza kipi kitangulie kwenye fomu. Binti nimezungumza naye kwa simu. Ana akili, na ameona aibu kwa tuzo ya tabasamu. Nilimuuliza kama kuna jambo alilolifanya ambalo hakupewa cheti, akafikiri kidogo, akaniambia amekuwa akimsomea magazeti babu yake asiyeona, kila asubuhi kabla ya shule, miaka mitatu sasa. Nikamwambia hilo lina nafasi yake kwenye fomu, tena kabla ya vikombe vyote. Mama yake hajafurahi. Anasema babu hakulipiwa ada.

Mashindano ya insha gazetini kwetu yametajwa tena kwenye kikao cha wiki jana, safari hii kuna mfadhili mpya. Niliomba niwe mtunza boksi.

Na ile ndoo haiko tena nyumbani. Mdogo wangu alikuja siku moja akasema maji ya hosteli yanakatika, akaondoka nayo. Mama hajamsamehe mpaka leo, anasema ndoo za siku hizi hazina udongo mzuri.